Vipande Vinane vya Drafti

Goba, 29 Juni 2025

Dada Zubeda,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Lile shati la Baba la drafti ya bluu, alilokuwa akilivaa asubuhi za baridi akienda kupaka rangi nyumba za watu, halikupotea. Nililiiba mie.

Unakumbuka siku ya tatu baada ya mazishi, Mama alipokusanya nguo zote za Baba zipelekwe kwa Mzee Kondo, kwa kuwa ndiye aliyemwosha. Wewe ulikuwa umekaa kizingitini na vumbi la safari bado miguuni. Uliuliza kama hakuna hata kitu kimoja kinachoweza kubaki. Bibi akakujibu kwamba nguo za marehemu ni za mwoshaji, hiyo ndiyo ada, na ikibaki moja, marehemu ataifuata mwenyewe. Wewe ukawa unatazama tu lile furushi. Aliyekuwa analifunga ni mie, na nilipofika kwenye shati lile mkono wangu ulilipeleka kwenye begi la madaftari badala ya kulipeleka kwenye shuka. Sikuwa nimepanga. Nilifikiri tu kwamba sie wote tulimuona Baba uso wake kabla hajafungwa, wewe peke yako ulikuta udongo umeshamwagiwa maji.

Basi kipupwe kikaanza, na kama kila mwaka Bibi akatoa gunia la vitambaa. Mwaka huu akasema mfarishi wa viraka wa kujifunikia ni wa Zubeda, kwa sababu amebaki shule kwenye kambi ya Kidato cha Nne na Njombe Juni na Julai si mahali pa kulala na shuka. Tulishona wiki tatu, yeye na mie, kibarazani. Macho yake yamezidi kufifia, siku hizi namtungia uzi kwenye sindano na yeye anapapasa kwa vidole kujua kitenge ni kipi na sare ya shule ni ipi. Fundi Najat wa pale kona alitupa mabaki ya vitambaa mfuko mzima. Mama akiwa na nguvu hutoka chumbani, hukaa nasi kidogo, kisha hurudi kwenye eda yake.

Vipande vya shati sikuvishonea nyumbani. Mfarishi ulipokwisha nilisema naupeleka kwa Najat akaupige pindo. Nikakaa kwake nyuma ya cherehani, nikafumua vipande vinane vya katikati, nikaweka vya Baba: mikono miwili, mgongo nikaugawa viwili, mbele viwili, kola niliyoikunjua, na mfuko. Kutoka pale niliupeleka stendi moja kwa moja. Nilitaka ulale naye bila kujua. Nilidhani ni jambo jema.

Wiki moja baada ya mzigo kuondoka, Bibi alikaa kwenye chai akasema, kama anayesema nani kapita barabarani, kwamba usiku mwanawe Badru amemjia ndotoni. Amesimama mlango wa uani, kifua wazi, mikono ameikumbatia. Amesema neno moja tu, "Baridi." Kisha Bibi akaomba sukari.

Tangu siku hiyo amekuja mara tisa. Mara ya kwanza Mama alilia. Sasa anaendelea kumenya viazi. Lakini Bibi ameacha kujifunika, Dada. Blanketi lake amelikunja akaliweka juu ya kabati. Anasema mama hajifuniki mwanawe akiwa wazi. Na huku kwetu mlimani unajua upepo wa alfajiri ulivyo. Ameanza kukohoa.

Mie ndiye ninayejua shati liko wapi, na kila asubuhi naogopa kumtazama. Nimwambie? Nijibu upesi. Nimeibandika bahasha hii gundi mara mbili, ukikuta imefunguliwa nieleze.

Mdogo wako,
Nusaiba


Njombe, 7 Julai 2025

Mdogo wangu Nusaiba,

Bahasha imefika salama. Mzee Stephano wa stoo ndiye anayetuletea vitu vya stendi kila Alhamisi, naye hafungui barua, hufungua vyakula tu.

Nimeisoma barua yako nyuma ya maabara, nimesimama, mara tatu. Halafu nikaenda bwenini mchana, jambo ambalo ni kosa, nikautandaza mfarishi kitandani nikavitafuta. Sikuhangaika. Siku mfarishi ulipofika nililala kifudifudi juu yake, nikasikia harufu ya thina ya rangi. Nilijiambia Zubeda, unaanza kuchanganyikiwa na mitihani. Kumbe ni ule mkono wenye doa la rangi ya maziwa pale kwenye kiwiko. Sasa najua, na nimeugeuza mfarishi ili vile vipande vinane viwe upande wa kichwani.

Huku asubuhi majani ya uwanjani ni meupe, yanavunjika ukiyakanyaga. Wenzangu wa Dar wanalala na masweta mawili. Mie nalala na mfarishi wako. Matroni aliuona akaniuliza hili ni blanketi au ramani. Lulu wa kitanda cha juu anasema tangu mfarishi uje nimekuwa naongea usingizini. Eti namjibu mtu kwa adabu kabisa, namwambia, "Ijumaa. Ijumaa." Kila siku ananitania, Zubeda, huyo mchumba wa Ijumaa ni nani. Sijui Ijumaa gani.

Kuhusu Bibi. Usimwambie. Nakuomba, tena nakuamuru kama dada yako. Ndoto si barua, haina anayeituma. Bibi ana umri, amezika mtoto wake wa mwisho, anashinda kibarazani na upepo, lazima aote baridi. Hata mie ningeota. Mpelekeni akapimwe kifua, mfunikeni akishalala. Ukimwambia atataka lirudi, na likirudi litakwenda kwa Mzee Kondo, na Mzee Kondo atampa mtu wa Madale asiyemjua Baba, avae akichunga ng'ombe.

Nyie mlikuwa naye siku tatu hospitalini. Mlimlisha, mlimshika mkono. Mie nina vipande vinane. Niachie.

Dada yako,
Zubeda


Goba, 18 Julai 2025

Dada Zubeda,

Nimetii. Sijamwambia. Ila nataka ujue kutii kunafananaje.

Ijumaa iliyopita Mama alitoa sadaka ya nguo, kanzu mpya na shuka, zikapelekwa msikitini kwa jina la Baba. Jumamosi asubuhi Bibi akasema amekuja, kifua wazi. Jumapili wakaja watu wakasoma khitma, tukapika wali. Jumatatu Bibi akasema amekuja, na safari hii alikuwa anatetemeka meno. Imamu alipoambiwa akashauri sadaka nyingine. Mama akauza kabati dogo. Nilikuwa nashika mlango kabati likitoka, na nilitaka kusema, na sikusema, kwa sababu yako.

Kumfunika akishalala nimejaribu. Usingizi wake ni mwepesi kuliko wa kuku. Nikimwekea kanga tu anaamka ananiuliza, "Na mwenzangu umemfunika?" Dada, siwezi kukueleza namna anavyouliza. Hakasiriki. Anauliza kama anayeulizia chakula cha mtu ambaye hajarudi.

Na mie nimeanza kuuogopa mlango wa uani. Mchana kweupe nikitoka kuanika nguo napita nimetazama chini. Sioni kitu. Ila nikigeuka kuchota maji nahisi kuna mtu anangoja nimalize ili aulize, na nahisi anajua jina langu. Kusoma siwezi. Nimefungua kitabu cha historia ukurasa huohuo wiki nzima.

Basi juzi nikitoka shule nikaenda kwa Mzee Kondo. Unajua kibanda chake cha pancha pale bondeni. Alikuwa anachovya tyubu kwenye karai, akaniambia nisikalie stuli, ya wateja hiyo. Nikasimama. Nikamwambia yote, sauti ikanitoka ndogo mpaka akanilazimisha nirudie mwanzo, na mwendesha bodaboda aliyekuwa anangoja tairi akajifanya anasoma simu yake.

Mzee Kondo akasema alijua. Suruali zilikuwa nne, mashati matatu, na shati la drafti alilokuwa akimuona nalo Badru kila asubuhi halikuwemo. Nikamuuliza mbona hakulidai. Akacheka. Akasema yeye ameosha watu miaka ishirini na sita na hajawahi kupelekewa furushi lililotimia, kila nyumba huzuia kitu, na yeye si mgambo. Nikamuuliza kama Baba ana baridi kwa ajili yangu. Hapo hakucheka. Alitoa tyubu majini, akaipangusa, akasema hivi:

"Mie sijui wafu wana nini. Shati kwa ada ni langu, na sehemu yangu nimekusamehe. Ila hiyo baridi anayo mama yake, na sehemu yake siwezi kukusamehe mie."

Kisha akamwambia bodaboda asogee, anamzibia mwanga.

Nirudishie vipande, Dada. Sitasema vimetoka kwako kwa nguvu. Nitakushonea vingine.

Nusaiba


Njombe, 25 Julai 2025

Nusaiba,

Ulikwenda kwa Mzee Kondo kabla ya kuniuliza. Basi hukutii.

Sivitoi. Kama unataka kumwambia Bibi, mwambie shati lilichomwa pamoja na takataka, yaishe. Wewe husoma vitabu vingi mpaka unadhani kila kitu lazima kirudi kwa mwenyewe. Mie nina mtihani Novemba na usiku silali, na wewe unataka kuniongezea jambo jingine.

Mfarishi ulinipa. Kitu kikishatolewa kimetolewa.

Zubeda


Goba, 28 Julai 2025

Dada,

Bibi yuko zahanati tangu Jumamosi. Ni homa ya mapafu, daktari anasema pafu la kulia. Anachomwa sindano asubuhi na jioni. Mama hawezi kutoka kwa ajili ya eda, kwa hiyo anayekaa naye ni mie, na shule siendi.

Wauguzi wanamfunika. Akigeuka tu shuka liko chini. Jana muuguzi mmoja alimkaripia, "Bibi, unataka kufa?" Bibi akamwambia, kwa upole, kwamba hataki kufa, anangoja mtu avae kwanza.

Sikuandikii kukulaumu. Nimeandika ujue yuko kitanda cha ngapi. Kitanda cha nne, karibu na dirisha.

N.


Njombe, 3 Agosti 2025

Mdogo wangu Nusaiba,

Ndani ya bahasha hii kubwa kuna vipande saba. Vihesabu. Nimevifumua mwenyewe kwa wembe wa kuchongea penseli, na mishono yako ni midogo mno, nimejikata vidole viwili. Lulu alinishikia taa ya mkononi, hakuuliza kitu, ni mara ya kwanza tangu nimjue.

Kipande cha nane, mfuko, kimebaki. Nitakueleza kwa nini, na ukishajua utaamua mwenyewe kama unataka kuendelea kuniita dada.

Mama anaamini matroni alininyima ruhusa. Najua mpaka leo anamwombea mabaya. Hata mie nilipofika nyumbani siku ile, nikakuta watu wanakunja mikeka, niliposikia Mama anasema, "Matroni kamzuia mtoto wangu," sikumkanusha. Niliona limeshasemwa, basi likae.

Matroni hakunizuia. Jumatatu ile, tarehe ishirini na nane Aprili, aliniita ofisini kwake, akanipa simu, akatoka nje akaniachia chumba. Alikuwa Baba. Alisema wamempasua kidole tumbo, anaendelea vizuri, ila angependa kuniona. Alisema, "Kama hutasumbuka." Ruhusa matroni alikuwa ameshaiandika, iko mezani, nauona muhuri. Lakini Jumanne kulikuwa na jaribio la kemia, na Alhamisi la hisabati, na mwenzangu mmoja alikuwa amenizidi alama mbili. Nikamwambia Baba, matroni amekataa mpaka Ijumaa. Akasema, "Haya mwanangu, soma." Nikasema, "Ijumaa, Baba. Ijumaa nakuja."

Jumatano akafa.

Kwa hiyo hiyo ndiyo Ijumaa ninayoijibu usingizini. Nilikudanganya kwamba siijui. Kila nikilala ananipigia simu, na simu iko chini ya ule mfarishi, na kila siku namjibu vilevile. Sijawahi hata mara moja kusema nakuja leo. Hata kwenye ndoto, ambako hakuna jaribio. Nilifikiri nikivishika vile vipande kwa nguvu siku moja nitajibu vingine. Ndiyo maana nilikuwa mkali kwako.

Barua yako ya zahanati niliposoma, niliona nimefanya tena. Mtu amelala kitandani ananingoja, na mie nahesabu vya kwangu.

Alama za kemia nilipata themanini na moja. Niliandika kwenye karatasi, nikaikunja, iko ndani ya ule mfuko wa shati. Nimeushona ukafunga. Ndiyo maana siwezi kuutuma.

Usimwambie Mama. Au mwambie. Sijui. Bibi akipata nafuu mwambie mie ndiye niliyechelewesha.

Zubeda


Goba, 24 Agosti 2025

Dada Zubeda,

Bibi ametoka zahanati, anatembea mpaka kibarazani na kurudi. Nianze na hilo.

Bahasha yako niliipokea stendi tarehe sita na siku hiyohiyo nikaenda nayo zahanati. Nilisubiri sindano ya jioni ipite. Nikavitoa vipande saba nikamwekea mapajani, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu furushi, begi la madaftari, cherehani ya Najat, na Njombe. Alivipapasa kimoja kimoja. Alipofika kwenye kola aliizungusha kidoleni.

Akaniuliza, "Ulilikata kwa mkasi gani?"

"Wako, Bibi."

"Ule haukati vizuri."

Akafumba macho. Nikadhani amesinzia. Kisha akasema nilishone. Sikuelewa, nikamwambia nitavirudisha kwa Mzee Kondo vilevile. Akanishika kifundo cha mkono, nguvu bado anazo, akasema, "Mtu havikwi vipande. Lishone liwe shati."

Kwa hiyo alipotoka zahanati nililishona. Nilitumia siku tisa, baada ya shule, kibarazani. Kuunga viraka kuwa mfarishi ninajua, lakini kurudisha viraka kuwa shati hakuna aliyenifundisha. Nilipokata nilikuwa nimesawazisha kingo ili miraba ilingane, na yale mabaki niliyatupa, kwa hiyo mistari ya drafti haikutani tena. Limekuwa jembamba, kama limechemshwa. Kola ilinishinda. Mama alitoka chumbani siku ya sita, akakaa, akaichukua mikononi mwangu, akaishona yeye. Kumbe Bibi alikuwa ameshamwambia habari ya shati. Kifuani, ulipokuwa mfuko, pamebaki mraba wa bluu iliyokolea, haujapauka kama kwingine. Bibi hauoni. Mama aliutazama sana lakini hakuuliza.

Jumamosi ya tarehe kumi na sita, saa nane mchana, nilimwita Mzee Kondo. Alikuja na mafuta mpaka kwenye viwiko, akanawa kwanza. Nilimkabidhi shati mkononi, mbele ya Bibi, nikasema hili ni lako, lilikuwa kwangu. Nilifikiri atalikunja aondoke nalo. Alivua shati lake la kazi akabaki na singlendi, akalivaa pale pale, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. Kwa kuwa ni mtu mdogo, limemkaa. Akamwambia Bibi, "Limenitosha, Bi Somoe," akatuaga, akateremka mlima.

Bibi alisimama. Akashika nguzo. Dada, unajua macho yake, hatambui watu kwa sura, huona rangi tu na mwendo. Mzee Kondo alikuwa ametupa mgongo anashuka, na mteremko ukawa unammeza kutoka miguuni, mpaka likabaki shati tu, bluu, linakwenda kazini. Mie pia niliona hivyo. Lilipofika kwenye kona ya Najat lilisimama kidogo, nadhani alikuwa anapisha pikipiki. Bibi akasema, si kwa sauti, "Haya, baba. Nenda." Likakata kona.

Akakaa chini. Jua lilikuwa kali, mbuzi wamejificha kivulini. Akasema, "Nipe blanketi langu."

Nilipanda kiti nikalitoa juu ya kabati, nikamfunika mpaka shingoni, akalala palepale kwenye mkeka hadi alasiri. Tangu hapo anajifunika. Ndoto hajaitaja tena, na mie sijamuuliza. Mlango wa uani bado napita nimetazama chini.

Sasa la kwako. Sijamwambia Mama, wala sitamwambia. Hilo ni la mdomo wako, ukimaliza mtihani ukirudi. Lakini kuna jambo nililiona siku ile na lazima nikupe, hata kama litakuumiza, kwa sababu wewe umenipa la kwako. Siku ulipoongea na Baba, mie nilikuwa wodini, ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Alipokata simu hakuhuzunika. Alimgeukia mzee wa kitanda cha pili akamwambia, "Binti yangu wa Njombe anakuja Ijumaa." Jumanne akamwambia muuguzi. Jumanne jioni akaniambia nimletee wembe anyoe ndevu, kwa sababu Ijumaa ana mgeni. Nilimletea. Akanyoa. Ndivyo alivyozikwa, Dada, amenyoa vizuri.

Sijui kama hilo ni zuri au baya. Nimelifikiria sana na bado sijui. Nimekuandikia lilivyokuwa.

Mfuko baki nao. Nilimwambia Mzee Kondo shati halina mfuko, akasema yeye hana cha kuweka.

Kwenye mzigo unaotangulia barua hii utakuta vipande saba vipya. Bibi amevikata mwenyewe kutoka kanga zake, mkasi uleule, ndiyo maana kingo zimepinda. Anasema uvishone wewe, ujifunze, na ujifunike.

Mzigo wenyewe niliupeleka stendi juzi asubuhi kabla ya shule. Nilipita kwa Mzee Kondo. Alikuwa amechuchumaa, mgongo barabarani, anajaza upepo, na amelivaa. Moyo ulisimama, kama unavyosimama kila nikipita pale. Nilingoja mpaka ukaanza tena. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikaenda shule, nikafungua kitabu cha historia, nikasoma kurasa nne.

Mdogo wako,
Nusaiba